Kabla ya kumpigia simu fundi wa intaneti: taarifa ambazo mteja wa Unguja anapaswa kuwa nazo mkononi

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

MTEJA wa intaneti anayepiga simu kwa kampuni yake na kusema "mtandao haufanyi kazi" huwa amesema kweli, lakini hajampa fundi kitu chochote cha kuanzia kazi.

Maneno hayo matatu yanaweza kumaanisha waya uliochomoka nyuma ya ruta, kifurushi kilichokwisha usiku, mnara uliokosa umeme au mkongo uliokatika chini ya bahari, mbali kabisa na Forodhani. Fundi asiyejua ni lipi kati ya hayo hulazimika kuuliza, na mteja asiyejiandaa hujibu kwa kubahatisha. Mara nyingi mazungumzo huishia kwa ahadi ya kutumiwa fundi siku nyingine.

Kwa mwenye nyumba ya wageni Paje au Kiponda, siku hizo za kusubiri ni fedha zinazopotea. Maombi ya vyumba huingia kwa intaneti, mgeni hulipa kwa intaneti, na asiyejibiwa mapema huhamia kwa jirani. Mwanafunzi anayetuma maombi ya chuo naye ana tarehe ya mwisho ambayo haimsubiri fundi.

Taarifa zinazoweza kupunguza sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo hukusanywa na mteja mwenyewe, kwa muda wa dakika 20 hivi, bila ya kununua kifaa chochote. Kinachotakiwa ni kalamu, karatasi na kujua nini cha kutazama. Karatasi inatajwa kwa makusudi, kwa kuwa kumbukumbu zilizowekwa kwenye barua pepe hazifunguki siku intaneti inapokatika.

Vipande vinne vya njia

Intaneti inayofika katika nyumba ya Mji Mkongwe au Fuoni hupita katika vipande vinne vya njia. Cha kwanza kimo ndani ya nyumba, kati ya simu au kompyuta na ruta. Cha pili hutoka kwenye ruta hadi kwenye mitambo ya kampuni, ama kwa waya wa shaba, ama kwa faiba, ama hewani kupitia mnara. Cha tatu huvuka bahari kati ya Unguja na Dar es Salaam. Cha nne hutoka Dar es Salaam kwenda nchi za nje kwa mikongo mikubwa ya baharini.

Mteja hatakiwi kutengeneza kipande chochote. Kazi yake ni kuonyesha hitilafu imo katika kipande kipi.

Utaratibu huo si mgeni visiwani. Mwaka 1879 Zanzibar iliunganishwa na ulimwengu kwa waya wa telegramu uliopita chini ya bahari kutoka Aden, ukaendelea hadi Msumbiji na Durban, chini ya kampuni ya Eastern and South African Telegraph. Waya wa aina hiyo ulipokatika, meli haikutumwa kwenda kupapasa bahari nzima. Mafundi waliokuwa nchi kavu walipima kwanza ukinzani wa umeme katika waya. Kwa kuwa walijua ukinzani wa kila maili moja, walikokotoa hitilafu iko umbali gani kutoka ufukweni, ndipo meli ikaondoka ikijua inakokwenda. Jengo la Extelecoms, lililokuwa la shughuli za simu za nje, bado lipo Shangani na leo ni sehemu ya hoteli ya Serena.

Mafundi wa faiba wa leo hufanya jambo lile lile kwa mwanga badala ya umeme. Mteja naye anaweza kuufuata utaratibu huo nyumbani kwake kwa vipimo vyepesi zaidi.

Kifaa kimoja au vyote?

Swali la kwanza ambalo fundi yeyote atauliza ni iwapo tatizo limekipata kifaa kimoja au vyote. Mteja ajaribu simu nyingine na kompyuta nyingine kabla ya kupiga. Iwapo simu ya mama inafungua tovuti na ya mtoto haifungui, ruta na kampuni havina kosa, na simu kwa huduma kwa wateja haitasaidia kitu.

Pili, asimame karibu na ruta, hatua mbili tatu, kisha ajaribu tena. Ushauri huu una uzito wa pekee Mji Mkongwe. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nene, nyingine zikifikia nusu mita au zaidi, huyameza mawimbi ya waifai. Ruta iliyowekwa sebuleni ghorofa ya kwanza inaweza kushindwa kufika chumba cha pili, seuze cha juu ya paa. Waifai ya gigahezi 5 ina kasi zaidi lakini hupenya kuta vibaya kuliko ya gigahezi 2.4. Mteja anayelalamika kuwa "kampuni inamwibia kasi" huku amelala nyuma ya kuta mbili za aina hiyo anadai haki kwa mtu asiyehusika.

Kipimo kilicho bora zaidi ni kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya. Matokeo yakiwa mazuri kwa waya na mabaya kwa waifai, tatizo limo ndani ya nyumba. Yakiwa mabaya kwa njia zote mbili, basi mteja ameshapata hoja ya kwanza ya kuandika.

Tatu, ajaribu tovuti zaidi ya moja, za ndani na za nje ya nchi. Mei 2025, kwa mfano, watumiaji wengi nchini waliona mtandao wa X haufunguki huku huduma nyingine zikifanya kazi kama kawaida. Serikali baadaye ilieleza kuwa ulikuwa umezuiwa. Kuzima na kuwasha ruta kusingebadili lolote. Inapokuwa tovuti moja tu ndiyo isiyofunguka, mteja aitaje kwa jina na aandike ujumbe wa hitilafu neno kwa neno kama ulivyoonekana kwenye kioo, hata kama ni wa Kiingereza na hauelewi. Fundi atauelewa.

Taa za ruta zina lugha yake

Taa ndogo za ruta ndizo taarifa rahisi kuliko zote, na ndizo zinazosahauliwa. Mteja aandike kila taa: jina lililochapishwa chini yake, rangi yake, na kama imetulia, inamweka au imezima.

Taa ya "Power" isipowaka, adapta au umeme ndio wa kutazamwa kwanza. Kwa wenye faiba, taa iliyoandikwa "LOS" ikimweka nyekundu ina maana kwamba mwanga haufiki kwenye kifaa. Waya umekatika, umepindwa sana au umechomoka mahali fulani. Hapo mteja hana la kufanya zaidi ya kutazama iwapo uzi huo mwembamba umebanwa na mlango au kabati. Asiuchomoe na kuuchungulia ncha yake kwa jicho, kwani mwanga unaopita humo hauonekani na unaweza kudhuru. Taa ya "DSL" isiyotulia, kwa wale ambao bado wanatumia laini ya shaba ya namba 024, huashiria hitilafu ya waya, na msimu wa masika maji huingia katika maungio ya nje. Anayesikia mkwaruzo katika simu ya mezani kwenye laini hiyo hiyo alieleze hilo pia.

Picha ya taa hizo iliyopigwa kwa simu inafaa kuliko maelezo marefu. Sehemu ya chini ya ruta pia ipigwe picha, kwani hapo pana jina la modeli, namba ya utambulisho wa kifaa na mara nyingine anwani ya kuingilia kwenye mipangilio. Picha hiyo itunzwe tangu siku intaneti ilipokuwa nzima. Hata hivyo, kwenye kibandiko hicho mara nyingi huwa na neno la siri la waifai, hivyo lizibwe kabla ya picha kutumwa kwa mtu.

Umeme na saa

Kisiwani Unguja haiwezekani kuzungumzia intaneti bila ya umeme. Wakazi wanakumbuka Mei 2008, njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na tena Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa chini ya bahari uliokamilika mwaka 2013 ulipunguza hofu hiyo, lakini kukatika kwa saa chache mtaani hakujaisha.

Minara ya simu huwa na betri, na mingi ina jenereta. Umeme ukikatika, mnara huendelea kufanya kazi hadi akiba iishe. Kwa hiyo mteja wa Jambiani anaweza kuona umeme umekatika saa 10 jioni na mtandao ukazimika saa 3 usiku, akadhani ni mambo mawili yasiyohusiana. Saa hizo mbili zikiandikwa pamoja, fundi anaelewa mara moja. Vivyo hivyo, umeme unaporudi kwa nguvu huua adapta nyingi za ruta, kwa hiyo hitilafu iliyoanza dakika ile ile umeme uliporejea inaashiria mahali pa kuanzia.

Tatizo la kuja na kuondoka ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu fundi anapofika huwa halipo. Kwa tatizo hilo mteja aandike kwa siku 3 au 4: limeanza saa ngapi, limekwisha saa ngapi, mvua ilikuwa ikinyesha au la, nyumba ilikuwa na wageni wangapi. Kasi inayoshuka kila siku baada ya Isha, saa 2 hadi saa 5 usiku, kisha ikarudi alfajiri, kwa kawaida ni msongamano wa watumiaji na si waya uliokatika. Inayoshuka kila mvua inaponyesha ni hadithi nyingine. Huko Nungwi na Paje, chumvi ya upepo wa bahari hula vichwa vya waya na maungio yaliyo nje, na kutu ya kijani kwenye shaba huonekana kwa macho.

Kuhusu saa kuna mtego mmoja. Mteja anapozungumza na fundi wa Amani au Mwanakwerekwe, "saa 3 usiku" inaeleweka. Anapomwandikia fundi aliye nje ya Afrika Mashariki, kama wanavyolazimika kufanya wenye hoteli wanaotumia mifumo ya vyumba ya kigeni, saa 3 usiku ikigeuzwa neno kwa neno huwa saa 9 usiku ya hapa kwetu. Aandike 21:00 na aeleze kuwa ni saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele ya saa za kimataifa kwa saa 3. Bila ya hivyo, mtaalamu atatafuta kumbukumbu za mitambo katika saa ambayo hapakutokea chochote.

Namba zilizo ndani ya kompyuta

Hatua inayofuata huwaogopesha wengi, ingawa haina hatari, kwa kuwa inasoma tu na haibadilishi kitu. Kwenye kompyuta ya Windows, mteja aandike "cmd" katika sehemu ya kutafutia, afungue dirisha jeusi litakalotokea, kisha aandike "ipconfig /all" na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Orodha ndefu itajitokeza. Aipige picha nzima.

Kutoka orodha hiyo fundi anahitaji mistari minne: anwani ya IP ya kompyuta, anwani ya lango ambayo kwa kawaida ndiyo ruta yenyewe, anwani za DNS, na anwani ya kifaa yenye tarakimu na herufi 12. DNS ni mfano wa daftari la simu. Hugeuza jina la tovuti kuwa namba.

Anwani inayoanza na 192.168 ni ya kawaida kwa nyumba nyingi. Inayoanza na 169.254 ina maana kompyuta iliomba anwani kutoka kwa ruta, ikakosa jibu, ikajipa yenyewe. Hapo hitilafu imo kati ya kompyuta na ruta, na hakuna haja ya kuilaumu bahari.

Kwenye simu, taarifa kama hizo zimo katika mipangilio, sehemu ya waifai, kwa kugusa jina la mtandao unaotumika. Ifahamike kwamba simu nyingi za miaka ya karibuni huonyesha anwani ya kifaa ya bandia kwa kila mtandao ili kulinda faragha ya mwenye simu. Ofisi au hoteli inayoruhusu vifaa kwa kuorodhesha anwani hizo inaweza kuikataa simu kwa sababu hiyo tu, na mafundi wengi wamepoteza asubuhi nzima kabla ya kuligundua.

Kuna wateja wa aina moja wanaohitaji namba ya ziada. Ni wale walio Muscat, London au kwingineko walioweka kamera katika nyumba zao za Unguja ili waziangalie kutoka mbali. Katika mipangilio ya ruta kuna anwani ya upande wa nje. Ikiwa inaanza na 100 na namba ya pili ipo kati ya 64 na 127, mteja huyo anagawana anwani moja na wateja wengine wa kampuni, na kamera yake haiwezi kufikiwa moja kwa moja kutoka nje. Ruta haijaharibika. Ni mpangilio wa kampuni, na swali la kuuliza ni iwapo inauza anwani ya pekee.

Kipimo cha hatua tatu

Katika dirisha lile lile jeusi, amri ya "ping" hutuma ujumbe mdogo na kupima muda unaochukua kwenda na kurudi. Ifanywe kwa hatua tatu, kutoka karibu kwenda mbali.

Kwanza ni lango, kwa mfano "ping 192.168.1.1", au namba yoyote iliyoonekana kwenye mstari wa lango. Isipojibu, kwa kawaida tatizo limo ndani ya nyumba. Ikijibu, mteja apige 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google inayojibu kutoka karibu kila pembe ya dunia. Ikikataa, ruta ni nzima lakini njia ya kutoka imeziba mahali fulani baada yake. Ikijibu, apige jina la tovuti. Namba inapojibu na jina likakataa, kwa kawaida kilichoharibika ni lile daftari la majina. Hitilafu hiyo mara nyingi hurekebishwa kwa simu bila ya fundi kutoka ofisini.

Windows hutuma ujumbe 4 tu, idadi ambayo ni ndogo mno kwa tatizo la kuja na kuondoka. Amri "ping -n 100 8.8.8.8" hutuma 100, na mwisho huonyesha ni ngapi zilizopotea. Kupotea 1 au 2 si jambo la kulilia. Kupotea 15 ni ushahidi.

Muda unaoonekana pia usomwe kwa busara. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na njia ya baharini kutoka pwani yetu hadi Ulaya ni ya maelfu ya kilomita. Ujumbe unaokwenda Ulaya na kurudi kwa milisekunde 150 haujachelewa. Unaochukua milisekunde 150 kufika kwenye ruta iliyo chumba cha pili una matatizo makubwa.

Amri ya "tracert 8.8.8.8" nayo huorodhesha vituo ambavyo ujumbe unapitia. Mteja asijisumbue kuitafsiri. Nyota zinazoonekana katikati ya orodha mara nyingi huwa ni vituo visivyopenda kujibu, na safari huendelea. Aipige picha, aihifadhi.

Kasi inayouzwa na kasi inayoonekana

Malalamiko ya kasi ndogo yana ugomvi wake wa kudumu, na sehemu ya ugomvi huo ni hesabu. Kampuni huuza kwa megabiti, kompyuta huonyesha upakuaji kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Mwenye kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde ataona faili likishuka kwa megabaiti 2.5. Hajapunjwa.

Kabla ya kulalamika atazame kwanza salio la kifurushi, kwa kuwa baadhi ya vifurushi hupunguzwa kasi baada ya kufikia kiwango fulani cha matumizi. Kisha apime mara 3 kwa siku, asubuhi, mchana na usiku, kwa waya, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Kipimo kimoja kilichofanywa kwa waifai huku watoto wakitazama filamu chumba cha pili hakimshawishi mtu.

Kwa watumiaji wa laini za simu, ambao ndio wengi, orodha ni fupi. Mteja aandike kama kioo kinaonyesha 4G, 3G au E, na idadi ya vijiti ndani na nje ya nyumba. Aihamishie laini kwenye simu nyingine. Ikifanya kazi huko, simu ya kwanza ndiyo mgonjwa. Ikigoma huko pia, ni laini au mnara. Namba ya utambulisho wa simu hupatikana kwa kubonyeza *#06#, na usajili wa laini zilizo kwa jina la mteja huangaliwa kwa *106#.

Siku ambayo tatizo si la mtu mmoja

Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilidorora Tanzania nzima na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, alitangaza kuwa hitilafu ilikuwa katika mkongo wa baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mikongo iliyoathirika ni EASSy na Seacom, ile ile iliyoanza kuitoa nchi katika utegemezi wa satelaiti kuanzia 2009 na 2010.

Hitilafu ya aina hiyo ina dalili zake. Ruta ina taa zote za kawaida, lango linajibu upesi, baadhi ya huduma zilizohifadhiwa ndani ya nchi zinafunguka na za nje zinakwama, na jirani mwenye kampuni tofauti analia kilio hicho hicho. Swali kwa jirani ni kipimo kizuri kuliko amri nyingi za kompyuta. Akiwa na kampuni nyingine na huduma yake ni nzima, lawama inarudi kwa kampuni au nyumba ya mteja. Wakiwa wamekatika wote wawili, ni vyema kusikiliza redio kabla ya kupanga foleni ya simu.

Hali ilikuwa tofauti Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilipozimwa nchini kote na kurejea siku chache baadaye. Hapo hakuna mkongo uliokatika, na hakuna fundi wa zamu ambaye angeweza kufanya lolote.

Kupiga simu

Namba ya huduma kwa wateja kwa kampuni za simu nchini ni 100. Apige kwa laini inayofanya kazi, akiwa mbele ya ruta na karatasi mkononi, pamoja na namba ya akaunti na jina lililosajiliwa. Anaweza kusoma kitu kama hiki:

"Tangu jana Jumanne saa 2:15 usiku intaneti imekatika kwenye vifaa vyote vitatu, kwa waifai na kwa waya. Umeme ulikatika saa 1:50 na kurudi saa 2:10. Taa ya Power inawaka, taa ya LOS inamweka nyekundu. Ruta imezimwa na kuwashwa mara moja, hakuna badiliko. Jirani mwenye kampuni hii hii huduma yake ni nzima."

Maelezo hayo huchukua chini ya nusu dakika, na mpokeaji hana tena sababu ya kumwambia mteja azime na kuwasha ruta. Mteja aeleze pia aliyoyabadilisha mwenyewe, hata kama yanamtia aibu. Ruta iliyohamishwa au mtoto aliyecheza na mipangilio ni taarifa, na kuificha humrefushia safari.

Kitundu kidogo cha nyuma ya ruta kinachobonyezwa kwa sindano kiachwe. Hicho hufuta mipangilio yote, pamoja na jina na neno la siri ambalo kampuni liliwekea laini, na tatizo dogo likawa kubwa.

Maelekezo ya nyumba ni kipande kingine kinachopoteza muda katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Namba ya nyumba iliyotolewa chini ya mpango wa anwani za makazi mwaka 2022 itajwe kama ipo, pamoja na msikiti, skuli au duka linalojulikana. Simu yenye ramani inaweza kuonyesha majira ya nukta hata bila ya intaneti, na namba hizo zikitumwa kwa ujumbe mfupi humfikisha fundi mlangoni.

Mteja asimpe mtu neno la siri la barua pepe wala namba ya siri ya pesa za simu. Fundi wa mtandao hazihitaji kwa kazi yoyote. Anayepiga yeye mwenyewe akidai ni "huduma kwa wateja" na kuuliza namba hizo ni tapeli, na namba yake hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Kabla ya kukata simu, aombe namba ya kumbukumbu ya malalamiko, jina la aliyepokea na muda ulioahidiwa, na vyote viandikwe. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazomsaidia iwapo kampuni haitatekeleza. Mawasiliano ya posta na simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo mteja wa Unguja, kama wa Mwanza au Dodoma, hupeleka lalamiko lake Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ina ofisi Zanzibar. Mamlaka hiyo hutaka mteja awe ameanza kwa kampuni yake, na huuliza alilalamika lini, kwa nani, na alijibiwa nini.